Mwanga wa Pembeni

Kituo cha Afya
4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, mkeo hajambo, na karakana yako bado inanuka tindikali ya betri kama ninavyoikumbuka. Huku sisi ni wazima. Binti yuko bwenini, anasoma. Shemeji yako anakusalimu na anasema ile pasi uliyomtengenezea inachoma vizuri, hasa mashati yangu.

Nakuandikia kwa sababu simu huku bado ni ya kupandia kilima, na nikifika juu pumzi imekwisha, sina la kusema. Lori la dawa linarudi mjini kesho. Dereva wake ameahidi kukufikishia barua hii mkononi.

Nina shida ya taa. Gari la kituo unalijua: refu, zito, magurudumu yote manne yanavuta, linapanda mawe kama mbuzi. Injini haina neno. Lakini taa za mbele zimezeeka. Jua likishazama naendesha kama mtu anayetafuta sindano kwa njiti ya kiberiti. Juma lililopita nilikuwa nateremka na mama mjamzito, nusura niikose kona ya tanuru la matofali. Kona ile naijua kama mfuko wa suruali yangu. Muuguzi aliyekaa nyuma akapiga kelele, "Dereva, kona!" Nikakata usukani, nikamwambia nilikuwa namtania. Hakucheka.

Zamani waliniita Mshale, unakumbuka. Siku hizi mlinzi wetu wa getini amenibandika jina jipya, Kobe. Nikiwasha gari anawatangazia watu, "Kobe anatoka, mpeni mgonjwa godoro, atalala njiani." Nacheka naye, ni rafiki yangu. Jumapili tunacheza drafti, na ananiibia kete zilizo pembeni mwa ubao mchana kweupe. Sijui anafanyaje.

Daktari mkuu amekubali tufunge taa za ziada. Nikamwambia ndugu yangu ni fundi umeme wa magari, asihangaike kutafuta mwingine. Basi nichagulie. Leta zenye nguvu kabisa.

Kaka yako,
Dereva


Karakana
15 Machi

Shikamoo kaka,

Barua imefika na alama ya kidole chenye grisi, nikajua kweli imepita mkononi mwa dereva.

Nimelifikiria jambo lako siku kadhaa kabla ya kujibu. Unanijua, sipendi kurukia. Kwanza, taa yenye nguvu kuliko zote si lazima iwe ndiyo inayokufaa. Kuna taa za kurusha mbali. Mwanga wake umekusanywa, unakwenda kama mkuki, na kazi yake ni barabara iliyonyooka. Halafu kuna taa za kutandaza. Hizi hazifiki mbali, lakini mwanga wake unafunguka kulia na kushoto, unakuonyesha mtaro, jiwe, mbuzi aliyelala, na kona kabla hujaifikia. Wewe umeniambia ulikosa kona, hukusema ulikosa umbali. Kwa hiyo nakutumia mbili za kutandaza, na mbili za kurusha kwa ajili ya ule uwanda ng'ambo ya mto.

Najua utataka kuzipandisha kwenye keria juu ya paa, kwa sababu zinapendeza. Usifanye hivyo. Taa ya juu inamulika boneti yako mwenyewe, na vumbi likiinuka mwanga wote unakurudia usoni. Zifunge kwenye bampa. Za kutandaza ziwe nje, moja kila upande, uzigeuze kidogo zitazame kando ya njia. Za kurusha ziwe katikati. Weka mpira kati ya taa na chuma, la sivyo mtikisiko wa mawe utalegeza nati zote ndani ya mwezi.

Umeme usiuchukue kwenye waya wa taa za zamani, utaunguza swichi. Nimekuwekea waya mnene wa kutoka betri moja kwa moja, fyuzi ya kukaa karibu na betri, na rilei mbili. Swichi ya ndani inaiamuru rilei tu, mzigo wenyewe haupiti mbele ya magoti yako. Mahali pa kufunga athi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa. Mafundi wengi wanapuuza athi, halafu wanailaumu taa.

Kila waya nimeufungia kipande cha karatasi chenye maelezo. Ukikwama usibahatishe.

Mwambie mlinzi kwamba Kobe anakuja na macho manne mapya.

Mdogo wako,
Fundi


Kituo cha Afya
3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo umefika salama, hata kioo kimoja hakikupata mkwaruzo. Nimefunga kila kitu kama ulivyoagiza, na mpira nimeweka. Mlinzi alikuwa msaidizi wangu. Alishika spana kama mtu aliyeshikishwa nyoka, na kila dakika akiuliza, "Bado tu, Kobe? Au mpaka nistaafu?"

Kulipoingia giza tukawasha. Mlinzi akajifunika uso kwa kofia yake. "Zima," anasema, "umeamsha kuku." Wauguzi wakatoka wodini kutazama. Mmoja akasimama kule kwenye matangi ya maji akasoma barua ya mchumba wake, akatuambia ameisoma yote mpaka salamu za mwisho. Daktari mkuu akanipa mkono.

Sasa nikuambie wewe, kwa sababu wewe ni fundi. Mimi sikuona nilichokitarajia. Katikati sina malalamiko, naona mbali. Lakini pembeni giza ni lile lile. Zile mbili za nje ni kama hazipo. Hawa wengine hawajui taa. Kwao mwanga wowote ni sherehe. Mimi ndiye ninayeshika usukani.

Labda hazipati umeme wa kutosha? Niambie la kufanya. Mvua zinakaribia, na wakati wa mvua ndipo wagonjwa wanapoita gari jioni.

Samahani kwa mwandiko. Bega linauma, nimejigonga kwenye mlango wa stoo. Watu wa hapa wana tabia ya kuacha milango wazi nusu.

Kaka yako,
Dereva


Karakana
12 Aprili

Shikamoo kaka,

Pole na bega.

Tuende hatua kwa hatua. Kwenye kifurushi hiki kuna mita yangu ndogo. Washa injini, washa taa zote, kisha pima betri, halafu pima nyuma ya kila taa. Tofauti ikiwa kubwa, umeme unapotelea njiani, na mara nyingi mwizi ni athi. Ikiwa ndogo, waya hauna kosa.

Pili, pima mwanga wenyewe. Ule ukuta mweupe wa stoo utatufaa. Simamisha gari mbele yake mahali palipo sawa, umbali wa kurusha jiwe kwa uvivu, giza linapoingia. Keti kwenye kiti chako cha dereva, usishuke, kwa sababu tunataka kujua dereva anaona nini. Mtu mwingine asimame ukutani na chaki. Funika taa tatu kwa gunia, acha moja. Mwambie asogee mpaka mwisho wa mwanga kila upande na aweke alama hapo unapomwambia. Fanyeni hivyo kwa zote nne. Kisha nichoree mlichopata.

Taa ya kutandaza iliyo nzima itakupa umbo pana, kama samaki bapa. Ya kurusha itakupa duara. Mchoro wako utaniambia kosa liko wapi hata kama sipo hapo.

Mdogo wako,
Fundi


Kituo cha Afya
27 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimepima. Kwenye betri na nyuma ya taa ni karibu sawa kabisa, namba nimeziandika nyuma ya mchoro. Athi yako haina wizi.

Mchoro ndio huu. Taa nne, maduara manne, yote madogo, yote katikati. Samaki wako bapa sikumwona. Shemeji yako ndiye aliyeshika chaki. Tuligombana kidogo pale ukutani, akatupa chaki akaingia ndani. Amechoka, wodini kuna kazi nyingi ya kufua mashuka siku hizi. Yameisha.

Mvua imeanza. Nakuomba ufanye haraka. Juzi nimekwaruza ubavu wa gari kwenye nguzo ya daraja. Daktari mkuu alitazama, hakusema kitu, na mimi nisingependa aanze kusema. Nyumba hii tunayokaa ni ya dereva wa kituo, si ya mtu mwingine.

Kaka yako,
Dereva


Karakana
6 Mei

Shikamoo kaka,

Nimeukalisha mchoro wako mezani siku tatu. Umeme ni mzuri, waya ni mzuri, umefunga vizuri. Basi linabaki moja tu, vioo. Taa ya kutandaza ikifungwa kioo cha kurusha kiwandani inatoa duara kama lako.

Nilimwendea muuza duka. Tuligombana mpaka wateja wakatuzunguka. Akafungua boksi la taa za aina ile ile, akaiunga kwenye betri, akaiwasha ukutani kwake. Mwanga ukatandaa mpaka kwenye duka la jirani. "Fundi," akaniambia, "hii ni pana au si pana? Au unataka imulike na kesho?" Watu wakacheka. Nilimjibu kwamba mchoro ni mchoro, na kaka yangu si mtu wa kuchora uongo.

Basi nakutumia jozi nyingine, kubwa zaidi. Nitavunja kanuni yangu mwenyewe. Hizi zifunge juu, kwenye pembe mbili za keria, zitazame nje kabisa kulia na kushoto, ili zisimulike boneti. Gari litawaka kama jukwaa, lakini pembeni utapaona.

Hata hivyo kuna kitu kinanikera, kaka. Ni kama nati iliyobaki mkononi baada ya kufunga injini. Gari linawaka, linakwenda, na nati bado iko mkononi. Sijui ni ya wapi.

Mdogo wako,
Fundi


Kituo cha Afya
24 Mei

Mdogo wangu,

Taa kubwa zilifika, nikazifunga. Tumepata ajali ndogo. Mlinzi ameumia mguu, amelazwa hapa hapa kituoni. Wanasema alikuwa amekunywa. Mimi sikumwona mpaka gari lilipomgusa.

Naomba kioo kimoja cha taa ya kutandaza, ya kushoto. Nyingine zote ni nzima.

Kaka yako,
Dereva


Kituo cha Afya
24 Mei

Shemeji,

Barua hii inasafiri kwenye lori moja na ya kaka yako. Yake nimeiona juu ya meza, ni fupi. Yangu hajaiona. Ukitaka kumwambia nimekuandikia, mwambie. Nimechoka kuficha.

Usilete kioo. Usilete taa yoyote tena, nakuomba.

Nikuanzie pale ukutani. Aliniita nishike chaki kama ulivyoagiza. Akafunika taa, akaacha ile ya nje ya kulia, akapanda kwenye kiti chake. Mimi nikasimama katikati, nikaanza kusogea. Nimekwenda kidogo tu, hata sijafika dirishani, akasema, "Hapo, weka alama." Nikamwambia mbona bado niko kwenye mwanga. Akasema, "Umetoka, rudi." Nikazidi kwenda, nikafika pembe ya ukuta, mwanga unanichoma macho, nauona mkono wangu na pete na kila mkunjo wa kanga. Na yeye anaita, "Uko wapi? Nimekwambia rudi kwenye mwanga." Shemeji, anaita kwa hasira kabisa, kama mtu anayetaniwa. Nikasema niko hapa, niko mwangani. Akasema mimi ni mbishi. Ndipo nilipotupa chaki; zilizobaki alizichora peke yake.

Sikulala nikiwa na amani. Nilianza kumtazama. Anakaribia mlango ameshatanguliza mkono. Kikombe nikikiweka kando ya sahani anakiuliza kiko wapi. Mlinzi anamwibia kete pembeni mwa ubao, wote tunamcheka, anacheka na sisi. Barua zako anazisoma bila shida, kwa sababu karatasi iko mbele ya uso wake.

Sasa ajali. Mimi nilikuwa ndani ya gari, nimekaa kando yake, tunatoka kupeleka mgonjwa hospitali kubwa. Giza lilikuwa limeshaingia. Taa zote sita zinawaka, njia nyeupe kama ukumbi wa harusi. Mlinzi nilimwona tangu mbali. Alikuwa amesimama ukingoni kabisa, upande wa kushoto, na baiskeli yake na dumu la maji, ametupisha. Alikuwa amekunja uso kwa mwanga, anacheka, anapunga mkono. Gari likawa linamsogelea. Na mimi, shemeji, nikadhani ni utani wao. Nikadhani anamtisha. Nilipofungua mdomo tulishasikia kishindo.

Kaka yako aliniuliza, "Tumegonga jiwe?"

Mfupa wa paja umevunjika mahali pawili. Ataishi. Lakini sikia wanavyosema. Daktari mkuu ameziwasha taa zote, akasimama mbele ya gari, akasema hakuna dereva duniani angeshindwa kumwona mtu kwa mwanga huu. Kwa hiyo mlinzi amejitupa barabarani mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa amelewa. Akitoka kitandani atafukuzwa kazi. Ameambiwa tayari. Na kaka yako alikuwepo wakati hilo likisemwa, akatazama chini.

Nimemwambia aseme. Anasema akisema tunatoka kwenye nyumba, na binti anatoka shuleni. Anasema ukileta taa nzuri zaidi itakuwa sawa.

Wewe anakusikiliza.

Shemeji yako


Karakana
1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Kioo sikukutumia. Shemeji ameniandikia, na amesema nikuambie. Usimkasirikie. Amebeba jambo hili peke yake tangu siku ya ukuta, wakati mimi niko huku nagombana na muuza duka.

Nilipomaliza kusoma barua yake nilichukua mchoro wako nikautazama tena. Ulikuwa sahihi, kaka. Ulichora unachokiona. Mimi nilipima betri, nikapima waya, nikapima athi, nikapima vioo mpaka vya duka la watu. Kitu kimoja tu sikukipima, nacho kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha dereva.

Kisha nikamkumbuka baba.

Unakumbuka alivyokuwa akirudi jua likishazama? Anapapasa ua wa jirani, anakosea mlango, anakanyaga masufuria. Watoto wa mtaani wakimwimba. Mimi na wewe tukijifanya hatumjui. Mchana alikuwa fundi cherehani mwenye mkono usiotetemeka, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo nani angesema ni macho? Mama alikuwa akimnusa mdomo mlangoni. Hasikii harufu yoyote, na bado anasema, "Ametafuna kitu cha kuficha." Baba akaapa mpaka akachoka kuapa. Alipoanguka kwenye shimo la mchanga akafa, watu walisema mlevi ameangukia alichokitafuta. Siku ile pia mama aliinama akamnusa. Nilikuwa nimesimama hapo. Aliinuka akanitazama, na mpaka anakufa hakuwahi kusema alichokinusa.

Kaka, yule mzee hakuwa amekunywa. Alikuwa anaona duara.

Sasa kuna mtu mwingine anaitwa mlevi, amelala wodini na hawezi hata kuinuka kujitetea. Na shahidi wao ni taa nilizozichagua mimi. Wanaziwasha wanasema, tazameni mwanga ulivyo, mwenye kosa ni aliyegongwa. Taa haziongopi, lakini haziwezi kusema nani alikuwa nyuma yake. Hilo unaweza kulisema wewe tu.

Nyumba ya kituo itaondoka, najua. Hapa kwangu kuna chumba cha kuhifadhia vipuri. Jana nimekitoa vitu vyote, mke wangu ameshakipaka chokaa. Binti atabaki shuleni, hilo niachie mimi. Huko nyuma ulinilipia ufundi wangu bila kuniuliza nitakurudishia lini.

Jambo la mwisho nilitaka nisikuandikie, lakini tumeshaficha ya kutosha. Jana jioni niliwasha taa ya kutandaza kwenye ukuta wa karakana. Nilikaa kwenye kiti, nikamwomba mke wangu asimame katikati kisha aanze kwenda kando. Nilimwambia sitageuza kichwa. Akaenda. Nikamwona dirishani, nikamwona kwenye rafu ya betri, nikamwona mpaka alipofika kwenye pipa la maji nje ya mwanga kabisa, anajifuta uso na upindo wa kanga. Niliona kila kitu. Akaniuliza, "Unaniona?" Nilishindwa kujibu, akadhani sioni, akaanza kulia. Tulilia wote wawili, yeye kwa sababu moja na mimi kwa nyingine. Kwa nini iwe wewe na si mimi, hilo hakuna mita ya kulipima.

Nenda kwa daktari mkuu kabla lori halijarudi.

Mdogo wako


Kituo cha Afya
20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako ndiye anayeandika, mimi nasema. Si kwamba siwezi kuandika, mchana bado naweza. Amesema safari hii anataka kuhakikisha sifupishi.

Nilikwenda asubuhi ile ile barua yako ilipofika. Daktari mkuu alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia, "Daktari, mlinzi alikuwa amesimama pembeni, na mimi pembeni sina." Hakuelewa. Nikamwomba anyooshe mikono miwili, aisogeze nje polepole, nami nimwambie inapopotea. Mikono ilipotea karibu na masikio yake. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza ni wagonjwa wangapi nimewabeba hivyo. Nikamwambia swali hilo najiuliza kabla yake.

Akanipeleka kwa daktari wa macho, hospitali kubwa. Tulikwenda kwa gari lile lile, dereva wa lori akishika usukani, mimi nikiwa abiria. Ugonjwa ni wa kurithi. Macho yanajifunga kutoka nje kuja ndani, kama mtu anavyokaza kamba ya mfuko. Dawa hakuna. Nilimuuliza kama baba yangu naye. Akasema hawezi kumpima marehemu, lakini akaniomba nimsimulie jinsi alivyotembea. Nikasimulia. Akasema, "Ndiyo." Neno moja tu. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi, shemeji yako akaninunulia maji, sikuyanywa. Ukipita makaburini mpelekee neno hilo. Mwambie na mimi nakuja kumwambia mwenyewe.

Funguo nimezirudisha. Amekuja dereva mpya, mwanamke, mkali kidogo, anaendesha vizuri. Nilikaa naye nikamfundisha njia kona kwa kona, maana njia iko kichwani hata kama pembeni haipo. Taa zako za juu nilimwambia azitoe, vumbi likiinuka zinamrudishia mwanga usoni kama ulivyosema mwanzo. Zile tatu za bampa zilizobaki nzima amezisifu. Alizipima ukutani akaniita nije nione, akasahau. Kisha akakumbuka, akaomba radhi. Nikamwambia anieleze tu. Akasema, "Pana sana, mzee. Kama samaki."

Tunahama mwisho wa mwezi. Tupokee mchana, tafadhali. Nataka nifike wakati uso wako bado unatosha ndani ya duara.

Binti anakuja likizo moja kwa moja huko kwako. Shemeji yako ameshanunua chaki, ameiweka kwenye begi. Mimi sijathubutu kuigusa.

Mlinzi hafukuzwi. Atarudi getini, lakini ule mguu hautakunjika tena. Nilikwenda wodini kumwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu. Nilimweleza yote, kona ya tanuru, mlango wa stoo, mpaka kete. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Kobe, ungeniambia tu. Ningekuwa natembea nikipiga kengele." Kisha akageukia ukutani, na tangu siku ile hajaniita Kobe wala Mshale. Haniiti kitu.

Baiskeli yake haitengenezeki. Siku alipopewa magongo alimtuma mtu amfungulie kengele kwenye usukani uliopinda, akaifunga kwa waya kwenye gongo la kulia. Sasa jioni anafanya mazoezi ya kutembea uani, anazunguka matangi ya maji anarudi. Mimi nakaa kwenye ngazi ya nyumba ambayo si yetu tena. Simwoni akija. Anapofika mbele yangu anasimama, anapiga kengele mara moja, anaendelea na safari.

Sijui ananisalimu au ananikumbusha. Ninachofanya ni kunyanyua mkono kule sauti inakotoka, na kuuacha juu mpaka nisikie gongo limepita.

Kaka yako